Seva Iliyokaribisha Kila Mtu

Siku mliyoniaga mliniletea keki, na juu yake mkaandika kwa krimu ya bluu, "Asante Mama Spamu." Nimewasamehe. Kwa miaka yote niliyosimamia barua pepe za watu hapa Arusha nimeitwa majina mabaya kuliko hilo, mengi kwenye simu, na mengi zaidi na watu wa kampuni za utalii msimu wa wageni ukipamba moto. Mlipomaliza keki mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, eti ili na nyinyi mjifunze. Haya, naandika. Niko nyumbani Elerai, kuku wa jirani wamo kwenye mchicha wangu tena, kwa hiyo msitegemee subira ambayo hata kazini sikuwa nayo.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwaje. Cheo hakijawahi kuzuia spamu, yaani barua taka, hata moja.

Nilianza kama mpokea simu. Kampuni ilikuwa imepanga vyumba ghorofani, na chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani ya duka la vitambaa, hakina dirisha, kina feni mbili zilizopokezana kuharibika. Siku yangu ya kwanza mteja alipiga simu akalia kwamba mtandao umekufa. Nilimuuliza taa za kile kiboksi zinawaka rangi gani. Akasema hazioni kwa sababu umeme umekatika. Nikajua hapo hapo kwamba nimeingia kwenye kazi ya kusikiliza, na kwamba wakati mwingine nitahitaji kushika mdomo wangu kwa mkono.

Aliyenitoa kwenye simu na kunikalisha mbele ya seva ni Mzee Kweka, fundi mkuu, mtu wa Machame aliyefuta miwani yake kwa ncha ya tai kila alipotaka kufikiri. Alinifundisha mambo mawili tu ambayo nimeyatumia mpaka siku ya keki. La kwanza ni hili. "Ukiletewa barua yenye shida," aliniambia, "usihangaike na inachosema. Tazama ilikopita." Kila seva inayopokea barua pepe huigongea muhuri wake juu ya mihuri iliyotangulia, mteja haioni mpaka aitafute. Muhuri wa juu kabisa ni wa seva yetu wenyewe, huo unauamini. Unashuka mmoja mmoja, unauliza kila mmoja umetoka wapi, na mahali fulani njiani unakutana na mwongo. Kazi yenu yote ni kumfikia huyo mwongo. Leo mna mashine zinazowachorea ramani na rangi, lakini nawaona mnatazama rangi bila kusoma mihuri, na roho inaniuma.

La pili lilikuwa kapu la taka. Seva huchuja barua na kuzitupa zile inazozishuku. Mzee Kweka alitaka kila Ijumaa kabla ya kutoka mtu apitie kapu hilo kwa macho yake. "Mashine inajua dalili," alisema. "Haijui watu." Nilifanya hivyo kila Ijumaa mpaka mwisho, na nyinyi mkacheka kila Ijumaa mpaka mwisho. Sawa.

Sasa niwaeleze kesi moja, kwa sababu kesi hiyo ndiyo iliyonifanya niwe hivi mlivyonikuta.

Juu huko kwenye mteremko wa Meru kulikuwa na chama cha wakulima wa kahawa. Bado kipo. Mzungu mmoja wa kujitolea alikaa nao kipindi, akawafungia antena juu ya ghala iliyopokea mtandao kutoka kwetu, akawawekea seva yao wenyewe ya barua pepe, kisha akarudi kwao akiwa na picha nyingi za mlima. Antena ile iligawa mtandao kwa shule ya sekondari, zahanati na ofisi ya usharika. Jambo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba seva ile aliiacha wazi. Sisemi wazi kwa wanachama. Namaanisha kwamba mtu yeyote, popote duniani, angeweza kuipa barua yake nayo ikaipeleka bila kumuuliza jina. Zamani sana, mtandao ulipokuwa wa watu wachache wanaojuana, hiyo ilikuwa heshima. Wakati tunaozungumzia, ilikuwa wazimu.

Nilijua siku ambayo foleni ya barua zinazosubiri kutoka ilijaa. Wateja walipiga simu mfululizo kwamba barua zao zinakataliwa Ulaya na Marekani. Nikasoma mihuri, nikashuka, nikafika kwenye ghala la kahawa. Kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ilikuwa inatuma matangazo usiku na mchana, na kwa sababu anwani yake ilikuwa katika fungu letu, watunza orodha ya seva zisizoaminika walituandika sisi sote. Nikampigia mwenyekiti wa chama, Mama Ndeshi, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Mama, shikamoo. Seva yenu inatuma matangazo kwa watu."

"Marahaba. Matangazo ya kahawa?"

"Hapana mama. Ya dawa."

"Dawa za mibuni?"

"Za wanaume, mama. Za nguvu."

Nikasikia majogoo wa huko. Kisha akauliza taratibu, "Wanaume gani?"

"Wa dunia nzima."

"Bwana asifiwe," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitumika na maneno hayo, halafu akaita, "Elisaria!"

Elisaria alikuwa katibu wa chama, mtu mzima mwenye masharubu na watoto, mpole kupita kiasi. Kama mngemkuta mngempenda, na mimi nilimpenda, jambo ambalo lilizidisha hasira zangu. Nilipanda mlimani na gari la kampuni, nikaifunga seva ile nikiwa nimekaa juu ya gunia, Elisaria amesimama nyuma yangu anatazama kila nilichobonyeza. Nikaiambia ikubali barua za kompyuta ya ofisi ya chama peke yake. Nikaandika kwa wale watunza orodha, nikajieleza kwa unyenyekevu ambao sina, wakatuondoa. Nikamshukuru Mungu.

Haukupita muda mrefu tukarudi orodhani. Seva ile ile. Nikapiga simu.

"Elisaria, nani ameifungua?"

"Mimi, mama."

"Ulijuaje kuifungua?"

"Nilikutazama ulivyoifunga. Nikarudisha nyuma."

"Kwa nini?"

"Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, mama. Kwa miguu. Barua za shule haziendi. Halafu akaja muuguzi wa zahanati. Ningewaambia nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sishindani na wezi peke yao. Huko mlimani mfereji wa maji unatoka juu msituni na kupita shamba kwa shamba. Kumwagilia kuna zamu, na ole wako uguse maji ya mwenzako. Lakini maji ya kunywa hakuna anayemnyima mtu. Anayekuja na ndoo anachota, hata kama ni mpita njia, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Kwa Elisaria, kutuma barua ilikuwa ndoo. Alinieleza hivyo kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyekuwa sijalelewa vizuri.

Nikapanda tena. Nikafunga tena. Safari hii nikawawekea utaratibu: kila mtumaji awe na jina lake na nywila yake, wa shule na wake, wa zahanati na wake. Nikamweleza Elisaria mara mbili. Akaitikia kila sentensi. Nikawakusanya na kuwapa somo la usalama palepale ghalani, nikawaambia wasifungue kamwe barua kutoka kwa mtu wasiyemjua. Nilijisikia mwalimu. Watunza orodha wakatuondoa mara ya pili, na onyo juu yake.

Msimu huo ndio Mama Ndeshi alipompata mnunuzi wa Ujerumani. Mnaopita huko leo mnaona nyanya na kabichi kila mahali. Muelewe kwamba wakati ule watu walikuwa wanaanza kung'oa mibuni. Kahawa ilikuwa imewachosha. Mama Ndeshi aliwasimamisha kanisani, barabarani, msibani, akiwaomba jambo moja tu: msing'oe, nipeni msimu mmoja, nitaleta mnunuzi wa moja kwa moja. Walimpa. Akapeleka sampuli, mnunuzi akaionja, akaandika kwamba ameipenda na anaomba chama kithibitishe mzigo. Chama kikathibitisha. Mnunuzi akanyamaza.

Alinipigia Mama Ndeshi mwenyewe. "Tumeandika, tumerudia, hajibu. Kwani kahawa yetu imemfanya nini?"

Nikasoma foleni yao. Barua zote za kwenda Ujerumani zilikuwa zimekataliwa, na seva ya huko ilikuwa imerudisha taarifa kila mara ikieleza sababu. Tulikuwa orodhani mara ya tatu. Nikauliza hizo taarifa ziko wapi.

"Nilizifuta," alisema Elisaria.

"Ulizifuta?"

"Ulisema tusifungue barua za mtu tusiyemjua. Zimetoka kwa mtu anaitwa Mailer-Daemon. Jina lenyewe tu ni la pepo, mama."

Niliweka simu mezani, nikatoka nje ya ofisi, nikatembea mpaka mwisho wa korido, nikarudi, nikaichukua tena. Bado alikuwa kwenye laini, ananisubiri kwa adabu.

Nikapanda mlimani mara ya tatu. Nilipoingia ofisini kwao sikuhitaji hata kuwasha kompyuta. Kwenye ubao karibu na mlango, wanapoandika siku za kupokea kahawa, kulikuwa na maandishi ya chaki, mazuri, yamepigiwa mstari: Kutuma barua pepe. Jina: karibu. Nywila: karibu.

"Elisaria," nilisema. "Hii ni nini?"

"Ulisema kila mtu awe na jina na nywila. Sasa wengine wanasahau. Wengine wanakuja mara moja moja. Nikaona tuwe na moja ya wageni."

Sasa muelewe. Huko nje kuna mashine ambazo hazilali, zinazunguka dunia zinagonga kila seva na kujaribu maneno. Zinajaribu majina ya watu, zinajaribu namba, zinajaribu salamu za kila lugha. Kuna siku mojawapo iligonga ghala la kahawa la Meru ikasema karibu, na seva ikaitikia karibu. Tangu hapo matangazo ya dawa yalikuwa yanatoka tena, na safari hii yalitoka kwa jina la chama chenyewe. Mnunuzi wa Ujerumani naye alikuwa ametumiwa matangazo hayo.

Nilimfokea. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa na busara. Nilimfokea mbele ya wakulima waliokuja kupima kahawa, nikamwambia ameua chama kwa ukarimu. Akasimama ameshika chaki. Kisha akasema, "Mama, ndoo moja hatumnyimi mtu."

Mama Ndeshi alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote. Akainuka, akachukua kitambaa, akafuta ubao. "Ndoo, Elisaria," alisema. "Huyu wa dawa alileta bomba."

Elisaria alimtazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Ilikuwa ni mara ya kwanza kitu nilichokuwa nikikieleza kimemwingia, na haikuwa mimi niliyekieleza. Siku hiyo hiyo alifuta jina la wageni. Akapita mwenyewe shuleni, zahanati na usharikani, akamfundisha kila mtu jina lake, na aliyesema atasahau alimwambia basi usitume. Tangu siku hiyo hakuna mlango wa seva ile uliofunguliwa ovyo. Ila tulikuwa tumechelewa.

Watunza orodha walijibu ombi langu kwa sentensi chache. Wametuondoa mara mbili, safari hii hawana haraka, wataitazama seva, ikikaa safi wataiondoa wenyewe. Lini? Hawakusema. Nikaandika tena. Wakanijibu na ile ile, neno kwa neno. Sijui kama kulikuwa na binadamu upande ule. Nimewaza sana kuhusu hilo.

Mtasema wangemwandikia mnunuzi kwa anwani nyingine ya bure. Tulifanya. Fikirieni barua yenyewe ilivyosomeka: sisi ndio chama cha kahawa, anwani yetu ya kawaida ina tatizo, tafadhali jibu hapa, ni haraka. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno ndilo ambalo tapeli angeliandika. Hawakujibu. Tulipiga simu. Mama Ndeshi alivaa kitenge chake kizuri akaja ofisini kwetu kupiga, kama anaenda kuonana na mtu uso kwa uso. Dada wa mapokezi wa huko alitusikiliza, akatupitisha kwa mafundi wao, na fundi akasema kwa adabu kubwa kwamba jina la chama limefungiwa kwao, na mkitoka kwenye orodha ndipo tutawafungulia. Tukauliza kama anaweza kumfikishia mnunuzi ujumbe. Akasema bila shaka, mwandikieni barua pepe.

Mama Ndeshi aliweka simu chini akaniuliza, "Amesema nini mwishoni?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akatoa leso, na sikuweza kujua ilikuwa ya kicheko au ya nini.

Meneja wetu naye alikuwa juu yangu. Kampuni za watalii zilikuwa zinatishia kuhama. "Wakate hao wa mlimani," alisema. "Kata antena, tutoke orodhani, basi." Nilimwambia nikiwakata seva itanyamaza kweli, na watakaokuwa wanaitazama hawataona seva safi, wataona seva iliyokufa. Nikamwambia pia mambo mengine ambayo hayakuhusu seva. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Nashukuru hakunifukuza, ingawa wakati ule sikumshukuru.

Wakulima walifanya mkutano. Mimi sikuwepo, Mama Ndeshi alinisimulia. Walikubali kusubiri mpaka mvua za kwanza, kwa sababu mvua ikianza mtu anatakiwa ajue anapanda nini. Aliyekataa waziwazi ni Mzee Anaeli, baba yake Elisaria. Alisimama akasema nyanya haimsubirishi mtu majibu kutoka Ulaya. Elisaria alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano, na akaandika hayo pia, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Nikawa mtu wa kutazama mambo mawili: orodha na mawingu. Kila asubuhi nikifika nilikuwa nauliza orodha kama tumo. Tumo. Nachungulia dirishani kuona kama Meru imejifunika. Imejifunika. Wateja wananipigia kuniuliza kwa nini barua ya mgeni wao wa Serengeti haifiki, nami nawajibu vibaya.

Mvua ilianza. Asubuhi moja baada ya hapo niliuliza orodha na hatukuwamo. Hakuna taarifa, hakuna pole, hatukuwamo tu. Nikampigia Elisaria, akatuma barua ileile ya kuthibitisha kwa anwani ya chama, nami nikaitazama ikipita seva kwa seva mpaka ikapokelewa Ujerumani. Niliwapigia kelele ofisi nzima wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Kabla ya chakula cha mchana mnunuzi akajibu. Alisema alidhani chama kimeuza kwa mwingine na alikuwa amehuzunika. Anachukua mzigo wote.

Nilitaka kuona nyuso zao. Nikachukua gari, nikapanda kwenye matope kwa kujifanya nakwenda kukagua seva. Nilipokaribia ghala nikapita kwa Mzee Anaeli. Shamba lake liko kando ya barabara. Mibuni ilikuwa imelala kwenye matope, mizizi juu, mstari kwa mstari mpaka kwenye migomba. Mingine bado ilikuwa na majani mabichi yanayong'aa kwa mvua. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba na jembe pembeni. Elisaria alikuwa amesimama shambani katikati ya miti hiyo, kandambili mkononi, na bila shaka alikuwa ametoka ghalani mbio na jibu.

Nikashuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ndiye wa kompyuta."

"Ndiyo mzee."

"Mngeniambia jana," alisema.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kuhusu orodha, na mihuri, na watu wasiojibu, na yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitamka mbele ya miti ile. Nililia kwenye gari. Niliwaza kwamba mahali fulani kuna mtu anayeuza vidonge vya uongo, amegonga milango elfu akafunguliwa mmoja, akapita, akasahau. Hatajua maisha yake yote kwamba kuna mlima unaitwa Meru na kwamba mzee mmoja huko aling'oa mibuni ya baba yake siku moja kabla ya wakati. Hicho ndicho kinachonichosha kuhusu kazi hii. Huwezi hata kumtukana mtu aliyekukosea, kwa sababu hajui kwamba yupo kwenye ugomvi.

Wengine hawakung'oa. Mama Ndeshi alizunguka na lile jibu, amelichapa kwenye karatasi na kulitia ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akawasomea nyumba kwa nyumba. Kahawa ilikwenda, na misimu iliyofuata pia. Mzee Anaeli alipanda nyanya. Mwaka mmoja zilimkubali, mwaka mwingine zikapigwa na ugonjwa, na wakati wote huo Elisaria aliendelea kupokea kahawa za majirani kwenye mizani akiwa hana ya baba yake.

Kwa hiyo mlipokuwa mnanikuta nagomba na mteja wa Sombetini kwa sababu nywila yake ni jina la duka lake, au nakataa kumfungulia mkurugenzi wa lodge mlango wa "mara moja tu", mkanong'onezana kwamba mama ana hasira za bure, basi hasira zilikuwa na mahali zinapokaa. Sasa mnapajua.

Ninamalizia na Ijumaa ya mwisho, ya keki. Mlikuwa mnaniita nije nikate, nami nikasema ngojeni, sijapitia kapu. Mkaguna. Nilipitia. Kulikuwa na urithi wa wana wa wafalme, mikopo isiyo na riba, vidonge vile vile ambavyo wameshindwa kuvibadilisha miaka yote hii. Katikati kulikuwa na barua isiyo na maneno ndani, ina picha tu, na kichwa chake kimeandikwa hivi: HABARI NJEMA!!! MAMA FUNGUA PICHA HARAKA!!!

Herufi kubwa. Alama za mshangao. Haraka. Picha bila maelezo. Hakuna dalili hata moja ya barua taka iliyokosekana, na mashine ilikuwa sahihi kabisa kuitupa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Ila Mzee Kweka alinifundisha nitazame ilikopita, nikasoma muhuri wa juu, nikashuka. Ilitoka kwenye seva ya ghala la kahawa. Ilikuwa imetumwa na mtumaji mwenye jina lake mwenyewe na nywila yake mwenyewe, kama nilivyomfundisha: Elisaria.

Nikafungua picha. Mzee Anaeli amesimama kwenye shamba lile kando ya barabara, amezeeka sana, ameshika fimbo. Nyanya hazipo. Mbele yake, chini ya kivuli cha migomba, kuna miche ya mibuni, mifupi, haifiki hata gotini, mstari kwa mstari mpaka mwisho wa picha. Mtu wa umri ule anajua itamchukua miaka mingapi mpaka achume. Amepanda hata hivyo.

Mlidhani nimechelewa kwa sababu ya uchungu wa kuondoka. Nilikuwa natafuta miwani yangu, halafu natafuta cha kumjibu. Mwisho nilimwandikia mstari mmoja: Elisaria, nikuambie mara ngapi, usiandike kwa herufi kubwa. Nikatuma, nikaja kukata keki.